Mluzi wa Dirishani

Ng'ombe wa msiba aliletwa Ijumaa mchana, nyuma ya gari la Mothusi mwenye bucha. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye godoro la mjane, blanketi begani, dirisha limeachwa wazi kwa sababu ya joto. Kwetu mjane hatoki nje mpaka mumewe azikwe, na Mothusi alilijua hilo. Alijua pia kwamba tajiri wa kijiji chetu cha Letlhajwe asipotoa ng'ombe wa msiba, atasemwa mpaka akome.

"Pole, mama," aliniambia kupitia dirishani. "Ditiro alikuwa ndugu yangu kabisa."

"Nimesikia," nikamjibu. Sikuwahi kumpenda. Alikuwa na tabasamu la mtu anayekupunja nyama huku anakuuliza habari za watoto.

Jumatatu ya wiki ile mume wangu alifuata nyayo za ng'ombe wetu walioibwa. Alikutwa kando ya uzio, risasi kifuani. Sajini Baruti, ambaye hakuwahi kulipia nyama kwa Mothusi, alisema bunduki ilifyatuka Ditiro akiruka waya. Ditiro huyo huyo, aliyekuwa akitoa risasi kabla hata ya kuegemeza bunduki ukutani.

"Ajali, mama," alisema Sajini. "Mzike, upumzike."

Sikupumzika. Nilitaka kujua nani aliniulia mume wangu, basi.

Wakamshusha ng'ombe. Alikuwa wa kahawia, kama wengi. Lakini nusu ya sikio, pale wenye mifugo wanapoweka alama yao, ilikuwa imekatwa upya, na pajani chapa mpya ilikuwa bado kidonda, imejaa nzi. Nilikuwa na ndama wa rangi ile, aliyefiwa na mama yake, nikamlea kwa chupa. Kila jioni nilimwita kunywa maji kwa mluzi: mfupi, mfupi, mrefu.

Nikaupiga.

Shangazi yake Ditiro alinifumba mdomo. "Una wazimu wewe? Mjane anapiga mluzi?"

Nje, ng'ombe alikuwa ameinua kichwa. Aliwaburuta walioshika kamba, akapindua sufuria la uji, akaja mpaka akaingiza pua dirishani. Akanilamba kiganja.

Waliokuwa wakinoa visu wakaviweka chini. Letlhajwe hakuna asiyejua ng'ombe.

"Huyu ni wangu," nikasema. "Ditiro alikufa akimfuata huyu."

Nikawatazama mashemeji zangu, mmoja mmoja. Wa kwanza akaanza kufunga kamba ya kiatu.

"Ana kiu tu huyo," alisema Mothusi. Tabasamu lilikuwa limeisha.

Sajini akavaa kofia yake vizuri. "Uchungu unamchanganya mama wa watu. Chinjeni, wageni wana njaa."

Wakamchinja chini ya dirisha langu. Wakala wote, mashemeji kwanza, na wakanisogezea sahani. Niliimwaga nje mbele yao. Niliwachukia siku ile na ninawachukia mpaka leo.

Baruti amekufa. Mothusi ni mzee sasa, anashinda kwenye kiti mbele ya bucha, na mwanawe ndiye anayekata nyama. Njia yangu ya dukani inapita hapo. Nikimfikia ninapiga mluzi: mfupi, mfupi, mrefu. Huinua kichwa, kama yule ng'ombe, na watu walio kwenye foleni hutazama chini.