Maji ya Mkutano

Kwa jina la Mola aliyeyateremsha maji kutoka mawinguni wala asiyatie kufuli, na rehema zimfikie Mtume wake aliyetukataza kuwanyima wengine maji yaliyozidi. Ama baada ya hayo, hiki ni kisa cha ndugu watatu wa tumbo moja.

Mkubwa wao alikuwa mwosha maiti wa mtaa. Wanawake wote wa pale, wazima kwa wafu, walipita mikononi mwake: wafu aliwaosha, na wazima aliwaongoza, kwani ndiye aliyekuwa mama wa chama tawala, na kila uchaguzi alipowaambia kura iende wapi, ilikwenda huko bila swali. Wa kati alikuwa mshonaji, mwanamke mwenye ulimi mkali kushinda mkasi wake. Kitinda mimba, mwanamume wa pekee, watu walimwita Mipango, kwa sababu hapakuwa na mkutano wa chama uliosimama pasipo yeye kupanga viti, spika na vigelegele. Mama yao alipofariki, dada zake ndio waliomlea, wakamlisha kabla ya kula wao.

Katika mipango yake palikuwa na mmoja aliojivunia mno. Bomba la mtaa lilikuwa kavu mwaka hata mwaka. Lakini siku mgombea wa chama ajapo, Mzee Koki, mtunza mabomba, hupigiwa simu afungue, na maji hububujika mbele ya kamera huku akina mama wakishangilia. Ikifika magharibi simu hupigwa tena, naye hufunga. Watu wakayaita maji ya mkutano. Mshonaji alizoea kusema kwamba laiti uchaguzi ungekuwa kila Ijumaa, hata yeye angenukia. Dada mkubwa alimkaripia, maana hakupenda chama kifanyiwe mzaha, na moyoni akijiambia kwamba haba si hasara.

Mwaka ule alizuka mgombea urais asiye na chama wala ukoo wa kutajwa, muuza matairi makuukuu ambaye hata kamati ya harusi hakuwahi kuiongoza. Alifika mtaani kwa gari linalokohoa, akahutubia hadi koo likamkauka, akaomba maji ya kunywa. Hapakuwa na mwenye kumpa. Watu wakacheka, naye akacheka, akaondoka na kiu yake. Mipango alisema yule hapati kura hata ya mkewe.

Mshonaji alifariki alfajiri ya siku ambayo mgombea wa chama, Rais mwenyewe, alitazamiwa kuhutubia uwanjani. Mipango alilia kama mtoto, kisha akatazama saa, akaomba mazishi yawe alasiri ili naye awahi. Dada mkubwa alikubali. Alipata hata faraja ndogo, kwamba walau mdogo wake ataoshwa kwa maji mengi. Akavuta mpira kutoka bombani mpaka chumbani, wala hakukinga akiba, kwani maji ya mkutano hayakuwahi kukatika kabla ya jua kuzama.

Akampaka maiti sabuni kutoka utosini hadi nyayoni, kwa upole, kama alivyomwogesha utotoni. Akaagiza mpira usogezwe. Mpira ukakohoa, ukatema hewa, ukanyamaa.

Mwanamke mmoja akatoka mbio kwenda bombani. Aliporudi alisimama mlangoni akiuma ncha ya mtandio. Alisema Mzee Koki amefunga. Simu imepigwa, msafara umeondoka, na maji yanatakiwa mkutano wa pili, mtaa wa pili. Mwosha akauliza simu imepigwa na nani. Yule mwanamke alitazama chini.

"Ni mdogo wako, Bi Mkubwa."

Mwosha alibaki ameinua mikono yenye povu, na povu likaanza kumkauka marehemu mwilini. Wanawake wakatawanyika nyumba kwa nyumba. Huyu alileta birika, huyu chupa ya mwanawe, na bibi kizee mmoja alileta bilauri aliyojiwekea ya kumezea dawa. Kwa matone hayo ya kuombaomba mshonaji aliyecheka maisha yake yote alisuuzwa, akavikwa sanda. Nyuma ya sikio palibaki ukoko wa sabuni, na dada yake akaupangusa kwa kanga yake mwenyewe.

Mipango alifika makaburini amevaa fulana ya chama. Siku ya tatu alikuja nyumbani kumkumbusha dada yake kwamba akina mama wanamngoja awape neno kabla ya kura.

"Ulijua kwamba saa ile tunamwosha?" dada akamuuliza.

"Nilijua, dada. Lakini ratiba ni ratiba. Mheshimiwa asingeweza kufungua bomba kavu kule."

"Ulijua."

"Tukishinda nitawaletea tangi zima. Wallahi."

Hasira ikampanda mwanamke yule hadi kucha zikamwasha, si kwa ndugu yake tu, bali pia kwa nafsi yake, iliyopaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa miaka yote. Mkutanoni kwa akina mama alisimama, na maneno yake yakawa machache.

"Mama zenu nimewaosha, na ninyi nitawaosha, Mungu akinipa uhai. Kila uchaguzi nimewaambia kura iende wapi. Leo siwaambii. Kila mtu analijua birika lake lilikokwenda."

Akaketi. Mipango akaanzisha wimbo wa chama, asipate mwitikiaji.

Muuza matairi akashinda, nchi nzima. Kumbe kila mtaa ulikuwa na maji yake ya mkutano: kwingine ni daktari wa kuazima aliyeketishwa zahanati siku moja, kwingine ni taa za barabarani zilizowaka hadi msafara upite. Mipango akaja kuketi kizingitini kwa dada yake, uso umemshuka kama kiriba kilichotobolewa.

"Yule mtu aliwapa nini ambacho sisi hatukuwapa?"

"Hakutupa kitu. Aliondoka na kiu, kama sisi. Wala usidhani tunampenda."

Kisha akachukua ndoo yake kavu, akaenda kuiweka chini ya bomba. Mzee Koki alisema hajapigiwa simu na mkubwa yeyote mpya. Mwosha akamjibu kwamba atangoja hapo hapo, na huyu mpya akithubutu kufungua kwa ajili ya kamera, atawakuta wamekaa. Wanawake wakaja mmoja mmoja na ndoo zao, wakazipanga nyuma ya yake. Redioni Rais mpya alikuwa akiapishwa, na pale bombani hakushangilia mtu.

Ewe Mola, mnyweshe mshonaji wetu maji ya Peponi yasiyongoja simu ya mtu. Na hawa waliobaki kwenye foleni wape subira isiyogeuka usingizi, wala usiwaondoe duniani ila wamekwisha kuoga.