Ushahidi wa Wana-kondoo

Bi Tirtza alifika Ijumaa kabla jua halijazama, amebeba chungu chake cha kunde kilichofungwa kwa kitambaa, na mfuko wenye mikate miwili na mishumaa. Gari aliliacha chini barabarani, akapanda kwa miguu. Ni mama wa miaka sitini na kidogo, alikuwa mwalimu huko Yerusalemu, na magoti yake yanamsumbua, lakini kila baada ya wiki tatu alikuja kulala kwetu ili walowezi waone kwamba Myahudi yupo.

Musaab, mtoto wa ami yangu, alikuwa amekaa mlangoni mwa pango la kondoo akinoa mkasi wa manyoya.

"Karibu, Bi Tirtza. Umetuletea amani leo au umeisahau kwenye gari?"

"Nimeleta kunde, Musaab. Amani nimekuta imekwisha dukani."

"Afadhali kunde. Angalau zina chumvi."

Walicheka wote wawili. Musaab hakuwapenda watu wa Bi Tirtza, wale wanaokuja na mabango na kofia za jua, lakini yeye mwenyewe alimpenda kidogo, kwa sababu alijua kurudisha mzaha.

Kijijini kwetu Khirbet Sidra tulikuwa tumebaki nyumba tatu. Wengine walikuwa wameshahamia mjini Yatta, wakakodi vyumba, wakawa wanauza sigara na soksi. Baba yangu, Shehada, alikuwa na usemi wake: tukiwa na kondoo, tuna sababu ya kuwa hapa, siku tukikosa kondoo tutakuwa watu waliokaa juu ya mawe, na mtu aliyekaa juu ya mawe huondolewa. Kondoo walikuwa sitini na wanne, wote majike, na msimu ule wote walikuwa wamezaa. Wana-kondoo tuliwafungia pangoni mchana, kwa sababu ya baridi na mbweha, mama zao wakaenda malishoni wakarudi jioni kunyonyesha.

Mimi niliacha shule nilipomaliza darasa la sita. Njia ya shule ya wakubwa ilipita chini ya kituo cha walowezi, na baba hakutaka. Kwa hiyo nimekuwa mtu wa kutazama. Nawajua kondoo wetu kwa nyuso.

Usiku huo, Bi Tirtza alipokuwa amewasha mishumaa yake na kuimba peke yake upande wa ndani, baba alituita kando.

"Kesho mtu asishike simu mbele ya mgeni. Ni siku yao. Hagusi moto, hagusi kalamu, hagusi simu."

"Na wakija, baba?" nikauliza. Mimi ndiye niliyekuwa napiga video. Simu ile tulipewa na wenzake Bi Tirtza kwa kazi hiyo.

"Wakija, yeye yupo. Macho yake yanatosha."

"Macho hayatumwi kwa wakili, ami," akasema Musaab.

"Nyamaza. Ramadhani huyu mama alitembea na sisi juani kutwa nzima bila kunywa tone la maji, na hakuna aliyemwomba. Mimi nimchezee simu usoni siku ya ibada yake? Nitakuwa nimelelewa wapi?"

Kwetu mgeni akifunga hupiki ukimwelekezea moshi. Hata Musaab alijua hilo.

Asubuhi tulishuka bondeni na kondoo, baba, mimi na Bi Tirtza. Nyasi zilikuwa fupi bado, zenye umande. Bi Tirtza alikaa juu ya jiwe na kitabu chake kidogo cha sala, midomo ikichezacheza. Nilikuwa na simu ndani ya koti.

Elyashiv alitokea juu ya ukingo saa tatu hivi. Ni kijana wa walowezi, wa miaka kama yangu, ana nywele ndefu za pembeni na bunduki ya jeshi mgongoni, na ana kundi dogo la kondoo, kama ishirini. Kila siku huja kulisha karibu na sisi ili tusogee. Siku hiyo hakuishia karibu. Aliwapigia kondoo wake mluzi, akawarushia mawe kwa nyuma, wakashuka mbio wakaingia katikati ya wetu. Kundi likawa moja. Kufumba na kufumbua huwezi kusema mkia huu wa nani.

Nilitoa simu.

"Irudishe," akasema baba, kwa sauti ya chini.

"Baba, anawachanganya."

"Mgeni anasali. Irudishe, Wijdan."

Nikairudisha. Naandika hivi ili ijulikane kwamba mkono wangu ulikuwa umeshaitoa, na kidole kilikuwa kimeshafika.

Elyashiv akaniona. "Habari za asubuhi, Wijdan!" akaita kwa Kiarabu, kama jirani. Kisha akatoa simu yake mwenyewe, akapiga.

Bi Tirtza alifunga kitabu akasimama. "Leo Sabato, wewe kijana! Unapiga simu?"

"Kulinda mali ya Wayahudi ni kuokoa uhai, bibi, na kuokoa uhai kunaruhusiwa hata Sabato. Kamuulize rabi wako, kama unaye."

"Ninaye. Na mama yako ninamjua, nimemfundisha kusoma."

"Basi ulimfundisha vizuri. Hasomi magazeti yenu."

Haikupita nusu saa pikapu ya jeshi ikaja, na nyuma yake gari la polisi na lori la mifugo. Lori ndilo lililonishtua. Askari wanaweza kufika upesi, lakini lori la mifugo siku ya Sabato halifiki kwa nusu saa isipokuwa lilikuwa limeshawashwa tangu alfajiri. Nilimwambia baba. Baba alikuwa anatazama kondoo.

Ofisa wa polisi alikuwa mnene, mpole wa sauti, anayezungumza Kiarabu safi. "Haya, jamaa. Kijana anasema mmemwibia kondoo wote hawa."

"Ishirini ndio wake," akasema baba. "Amewaingiza sasa hivi. Waliobaki wangu. Tazama, sikio la kushoto lina mkato."

"Sikio hata mimi naweza kukata. Una karatasi?"

Baba alikuwa nayo, karatasi ya chanjo, ndani ya mfuko wa plastiki kifuani. Ofisa aliisoma yote, hata mhuri. "Hii inasema una kondoo. Haisemi ni hawa." Akamrudishia kwa adabu. "Video? Siku hizi kila mtu ana video."

Baba akanitazama. Mimi nikatazama chini.

"Hakuna," akasema baba.

Bi Tirtza aligeuka. "Hakuna vipi? Wijdan, hukupiga?"

"Baba alisema tusishike simu mbele yako. Kwa ajili ya Sabato."

Sijawahi kumwona mtu akikasirika akiwa analia kwa wakati mmoja namna ile. "Sabato ni yangu! Si yenu! Nani kawaambia? Kaka Shehada, nani kakuambia?"

"Mgeni ni mgeni, dada," akasema baba.

Elyashiv alicheka hadi akainama. "Waarabu wanaoshika Sabato! Bibi, umepata waumini."

Ofisa akakohoa. "Mama, wewe ulikuwepo. Umeona?"

"Nimeona kila kitu. Aliwasukuma kwa mawe, wakashuka pale."

"Basi andika, tia sahihi. Nitasimamisha lori." Akafungua ubao wake, akachomoa kalamu ya buluu, akamnyooshea.

Bi Tirtza alitazama ile kalamu. Mkono ulipanda hadi kwenye kifungo cha koti ukasimama. "Nitatia sahihi nyota zikitoka. Saa kumi na mbili. Nitakuja kituoni kwa miguu yangu."

"Saa kumi na mbili mimi niko nyumbani. Sasa."

"Unajua kwamba siwezi."

"Naheshimu, mama. Sikulazimishi."

Akabaki ameinyoosha kalamu. Elyashiv akaanza kuhesabu kwa Kiebrania polepole kama anavyohesabiwa mtoto anayeogopa kuruka. Bi Tirtza alikuwa anasema peke yake, nikasikia neno uhai, uhai wa mtu, wa mnyama je, wa nyumba je. Alikuwa anatafuta mlango ndani ya sheria yake. Nilimwonea huruma. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Mimi ambaye siku zote natazama tu.

"Bwana ofisa," nikasema, "hakuna haja ya sahihi yake. Wana wao wako pangoni. Wafungulieni. Kila mtoto atakwenda kwa mama yake. Utaona mwenyewe kondoo ni wa nani."

Ofisa alirudisha kalamu mfukoni. "Binti ana akili," akasema.

Baba alinishika bega, akanibusu utosini mbele ya watu. Sikumbuki mara ya mwisho alifanya hivyo.

Nikapanda mbio hadi pangoni. "Fungua!" nikamwambia Musaab. "Fungua wote!"

"Wote? Una wazimu?"

"Ni ushahidi!"

Akavuta lango la miba. Walitoka kama maji, wadogo wengine miguu haijanyooka, wakaanguka kwenye mawe wakainuka. Kule bondeni mama zao wakasikia. Kelele iliyotokea siwezi kuieleza. Kila mtoto alipita mama wa watu, akanusa, akafukuzwa kwa kichwa, akapita mwingine, hadi akafika kwa wake, akapiga magoti na kuanza kunyonya, mkia ukitikisika. Kondoo wa Elyashiv wakajikuta wamesimama pembeni peke yao, ishirini na mmoja, hakuna aliyewaendea. Hata askari mmoja akasema kwa lugha yao, tazama, tazama. Alikuwa anatabasamu.

"Umeona, bwana?" akasema baba.

"Nimeona," akasema ofisa. Akamgeukia Elyashiv. "Haya?"

Elyashiv alikuna shavu. Nilimtazama sana usoni, na naapa kwamba jibu lile hakuwa amelipanga, lilimjia palepale. "Nimeona na mimi," akasema. "Wana-kondoo wangu nao walikuwa wamewaiba. Wamewaficha pangoni. Yeye mwenyewe ndiye kasema."

Wadogo walikuwa wananyonya tu.

"Binti," akasema ofisa, upole uleule, "wana wa kondoo hawa walikuwa wamefungiwa pangoni kwenu?"

"Ndiyo, lakini ni..."

"Ndiyo, inatosha." Akaandika.

Bi Tirtza alipiga kelele, akaruka, akaushika ubao. "Nipe kalamu! Natia sahihi! Nipe!"

Ofisa aliuinua ubao juu ya kichwa chake, kama mtu mzima anavyomnyima mtoto peremende. "Leo Sabato, mama. Usijitie dhambini kwa sababu ya kondoo."

"Nipe kalamu, mnyama wewe!"

"Nimeshafunga karatasi. Kesho njoo, ukiwa umetulia."

Walipakia kondoo wakubwa kwanza, kisha wadogo juu yao kama mizigo. Baba alishika ubao wa nyuma wa lori, askari yule aliyekuwa ametabasamu akampiga vidole kwa kitako cha bunduki, mara moja tu, bila hasira. Musaab aliteremka na mkasi mkononi, nikamkumbatia miguu hadi akaanguka, maana wangemuua kwa sababu ya mkasi ule.

Bi Tirtza hakuweza kuondoka hadi Sabato iishe, kwa hiyo tukakaa naye. Baba, vidole vimefungwa kitambaa, alimmiminia chai iliyokuwa imewekwa ndani ya majivu tangu jana kwa ajili yake, asije akawashiwa moto.

"Mfukuze, ami," akasema Musaab. "Alikuwa na kalamu mbele ya pua. Alisimama pale anamuuliza Mungu ruhusa!"

"Ni kweli," akasema Bi Tirtza. "Alichosema ni kweli. Nilifikiri kuna muda."

"Nyinyi daima mna muda. Mna wakili, mna mahakama, mna kesho. Mnakuja hapa kuota moto wa matumaini, halafu mnarudi kulala kwenu."

"Nirudi wapi, Musaab? Ndugu zangu hawapokei simu zangu. Elyashiv ni mtoto wa mwanafunzi wangu. Unataka nisije tena? Sema, sitakuja."

Musaab akatema mate kando, akatoka nje.

"Kunywa chai, dada," akasema baba.

Nyota zilipotoka alipiga simu mfululizo, kwa wakili, kwa wenzake, kwa mtu wa gazeti. Wote wakamwambia asubiri hadi Jumapili. Akakataa kuondoka, akalala tena kwetu.

Jumapili asubuhi Elyashiv, aliyekuwa ameshakabidhiwa kondoo wetu, aliwapitisha. Angeweza kuwapeleka popote, milima yote ni yake siku hizi, lakini alichagua njia iliyo chini ya mlango wetu, hatua hamsini. Kondoo wetu wote na wadogo wao, wamepakwa rangi nyekundu mgongoni. Bi Tirtza alikuwa amesimama karibu na mimi, simu imeinuliwa, anapiga video.

"Hii itasaidia, Wijdan," akanong'ona. "Mkato wa sikio unaonekana kabisa."

Mimi nilikuwa natazama ukingo. Pikapu ya jeshi ilikuwa imesimama nyuma ya jiwe kubwa, pua tu inaonekana, injini inanguruma. Hawakuwa wanatazama kondoo. Walikuwa wanatazama mlango wetu.

Baba alisonga mbele, akavuta pumzi. Naijua pumzi ile. Ni ya kuwaita. Ana mwito wake, unaanzia kooni kama kusukutua maji na kumalizikia juu, na hakuna kondoo wetu anayeusikia asigeuke. Wangekuja mbio wote, wangemzunguka, wangempanda miguuni, na pikapu ingeshuka, na angekuwa mwizi aliyeshikwa mchana kweupe, mbele ya video ya Bi Tirtza.

Nikamrukia, nikamziba mdomo kwa kiganja.

Aliniuma. Hana meno mawili ya mbele, lakini ya pembeni anayo, na yaliingia. Alikuwa akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewachukua. Sikuondoa mkono hadi kondoo wa mwisho, yule mchechemeaji, alipopita kona.