Gata la Ndugu Wawili

Mama alijaliwa wana wawili wenye akili nyingi, na akili zote hizo ziliishia juu ya paa.

Mkubwa, karani, alikaa upande wa kulia wa nyumba aliyoiacha baba yao. Mdogo, seremala, alikaa kushoto, na chumba cha Mama kilikuwa katikati. Ndugu hao walikosana kwa jambo zito mno, rangi ya geti, na tangu hapo hata salamu hawakupeana. Geti lenyewe likapakwa nusu kijivu, nusu buluu. Linapendeza kweli, ukifumba macho.

Gata la kupokea maji ya paa, bahati mbaya, lilikuwa moja kwa nyumba nzima. Karani alipanda ngazi, akasukuma majani na tope lake mpaka upande wake ulipokoma, akashuka, akanawa mikono. Seremala naye akasukuma ya kwake mpaka hapo hapo. Mpaka uliheshimiwa kuliko mipaka ya nchi. Uchafu wote ukakutana kwenye mdomo wa bomba la kushushia maji, juu kabisa ya kitanda cha Mama, ukashindiliwa hata ukaota nyasi. Mvua ikinyesha, maji yalirudi darini na kumdondokea mzazi wao kichwani.

Basi karani alikuja mbio na ndoo, seremala mbio na beseni. Kitanda kilikuwa kizito, mmoja hakiwezi. Walikisogeza bila kutazamana, kisha wakakaa kungoja mvua ikatike, kila mtu na ukuta wake. Mama aliwatazama, akashiba. Ndiyo saa pekee aliyowapata wote wawili chumba kimoja, na kwa hilo angekubali kulowa mpaka mifupani.

Siku kipande cha dari kilipoangukia mto, aibu ikawashika. Wakapanda, kila mtu na ngazi yake. Tope lilikuwa limekauka kama zege. Wakalimwagia maji, wakalichokonoa kwa nondo, wakang'oa mifuko ya plastiki, kiota na ndala ya mtu asiyejulikana.

"Mama, mwambie ashike ndoo," alisema karani.

"Amesikia, masikio ninamwona nayo," Mama akajibu kutoka chini.

Mvua iliyofuata ilishuka kwenye bomba kwa adabu zote. Mama alikaa kitandani, mkavu, akingoja. Akakohoa kwa nguvu. Milango miwili ikabaki imefungwa. Watoto wazuri wale, walikuwa wamemtengenezea upweke usiovuja. Roho ilimuuma, akalia.

Jua lilipotoka alichukua ufagio wa kuondolea utando, akaviringisha sweta kuukuu kwenye ncha yake, akapanda kigoda nje ya dirisha lake. Akalisukuma gatani, akalishindilia kwenye mdomo wa bomba, akaenda kunywa chai.

Mvua ikarudi. Ndoo ikaja mbio, beseni likaja mbio. Karani akaliangalia dari, akashindwa kujizuia.

"Hivi wewe ulimalizia kweli kule?"

"Mimi? Si wewe uliyesema pameisha?"

"Nilisema upande wangu!"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza kuambiana uso kwa uso tangu rangi ya geti. Wakaendelea, sauti juu, mpaka kitanda wakakisahau. Mama akasogeza kichwa kidogo, tone lisimpate jichoni.

"Msiharakishe, wanangu," aliwaambia. "Nawasikiliza."