Hita ya Bi Zuleikha

Miaka sita hita ya maji katika nyumba ya kina Kazija, huko Ng'ambo, haikufunguliwa na fundi hata siku moja. Iliwekwa kwa ajili ya mama yake, Bi Zuleikha, ambaye baridi yabisi ilimkatalia kuoga maji ya baridi. Aliyemwogesha kila asubuhi ni Riyama, mjane wa kaka yake Kazija.

Umeme walioununua ulipoanza kwisha kabla ya wiki kumalizika, Kazija hakutafuta fundi. Alitafuta wa kumlaumu.

"Wifi, hita unaiacha inawaka mchana kutwa?"

"Wallahi naizima kila nikimaliza. Maji yenyewe siku hizi yanachelewa kupata moto."

"Kumbe maji ndiyo waongo!"

Siku ya tatu Riyama alifunga nguo zake, akamuaga mkwewe, akarudi kwao Mkokotoni. Kazija alimwona akitoka, akajifanya anachagua mchele.

Umeme ukaendelea kuliwa vile vile. Ndipo akamwita Matar, fundi wa mtaani. Matar alizima umeme, akamwaga maji, akafungua kifuniko cha chini na kuchomoa koili inayopasha maji moto. Chokaa ya maji ya kisima ilikuwa imeigandia, nene kama gunzi la muhindi.

"Dada, umeme wenu ulikuwa unapasha moto jiwe kwanza, maji baadaye. Hii husafishwa kila mwaka. Hapakuwa na mtu wa kukwambieni maji yanachelewa?"

"Alikuwepo," Kazija akasema.

Kesho yake alikwenda Mkokotoni. Alimkuta Riyama uani anapaa samaki. Kazija akakaa chini, pale pale penye magamba.

"Wifi, nimekudhulumu. Hita ilikuwa mbovu, nawe ulisema kweli. Nisamehe."

Riyama alimaliza samaki aliyekuwa naye mkononi. "Nshakusamehe. Lakini sirudi. Mama ntakuja kumtazama, kisha nirudi kwetu." Akanawa, akamletea chai.

Sasa Kazija mwenyewe ndiye anayemwogesha mama yake, na maji hupata moto upesi. Asubuhi moja Bi Zuleikha aliuliza tena, "Riyama anarudi lini?"

"Harudi, mama. Mimi ndiye niliyemfukuza. Nilimsingizia."

Bi Zuleikha akanyoosha mkono wa pili aoshwe, uso ameugeuzia ukutani.