Chumba cha Kuivishia Ndizi

Jumamosi asubuhi Margareta alimtuma binti yake Evelyn, mwenye miaka saba, akachukue kichane cha ndizi mbichi stoo, na ndizi zikafika jikoni zimeiva. Nyama ya mtori, supu ya ndizi mbichi, ilikuwa imeshachemka. Margareta akamenya moja, akaona haifai kupikwa, akaila. Kisha akaenda stoo mwenyewe. Zilizobaki kwenye mkungu zilikuwa kijani na ngumu.

"Umezibebaje?" akauliza.

"Hivi," Evelyn akasema, akajikumbatia kifuani.

Mnara wa simu ulikuwa umesimikwa mwaka huo, nyuma ya ukuta wa chumba cha Evelyn, pale ambapo babu yake alipanda kahawa. Kodi ya kampuni ilikwenda kwa Valerian, kaka mkubwa wa mume wa Margareta, kwa sababu mwenye sauti juu ya kihamba, shamba la ukoo, alikuwa yeye. Margareta hakuulizwa. Mume wake, Rogath, aliendesha malori Dar es Salaam, na habari za mnara zilimfurahisha. Zamani mkewe alilazimika kupanda kilimani hadi kanisani ndipo asikike.

Wiki iliyofuata Evelyn aling'oka meno yote ya utoto, na ya ukubwani yakaota kabla ya Jumapili. Sketi ya shule iliyoshonwa Januari ikawa fupi. Margareta alimsimamisha mlangoni, akachora alama ya urefu wake kwa mkaa, na kesho yake alama ikawa begani. Akaelewa kwamba kilichoivisha ndizi kilikuwa kinamwivisha na mtoto.

Alikwenda kwa Valerian siku hiyohiyo na kumwambia mnara uondolewe.

"Shemeji," Valerian akasema, "tangu lini mtoto kukua ni kosa?"

"Kukua si kosa. Kukua tangu jana ni kosa."

"Upande wenu ni watu warefu."

Margareta alihamishia kitanda cha Evelyn sebuleni, kisha kwenye banda la ng'ombe. Haikusaidia. Yeye mwenyewe alilala hapohapo na hakuota hata unywele mmoja wa mvi. Kampuni ilituma mtaalamu mwenye kifaa cha kupimia. Alipima ukuta, akapima redio, pasi, na simu iliyokuwa mfukoni mwake, akaeleza kwa upole kwamba pasi ya Margareta ilikuwa na nguvu kuliko mnara, na kwamba mionzi yote ilikuwa chini ya kiwango. Wakati akieleza, Evelyn alikuwa amepakata ndizi mbichi. Ilipogeuka njano mtaalamu aliiomba, akaila, akashukuru.

Hospitalini daktari alimpima Evelyn shinikizo la damu, akasikiliza mapafu, kisha akamuuliza Margareta mgonjwa yuko wapi.

Valerian alikuwa akipika mbege, pombe ya ndizi, na ndizi za mbege humchosha mpishi kwa kusubiri ziive. Sasa alileta mikungu, akaipanga kuzunguka kitanda cha Evelyn, na jioni ikawa tayari. Majirani wakaleta yao. Wenye harusi walileta kwa toroli, wengine walileta maparachichi. Walibisha hodi kwa heshima na kumwambia Margareta kwamba Mungu amempa mtoto mwenye kazi. Watoto wao waliwaacha barabarani.

Shuleni mwalimu alimhamishia Evelyn dawati la nyuma kwa sababu alikuwa anawaziba wenzake. Ilipofika Pasaka alikuwa amempita mama yake kwa urefu, na alikuwa na mikunjo miwili kwenye paji la uso. Alikuwa bado anaogopa bata mzinga. Alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu.

Margareta hakumuaga mtu. Alifungasha nguo zake mwenyewe zilizomtosha binti yake, wakateremka hadi Mabogini kwa shangazi yake Kornelia, mkulima wa mpunga. Kule alimpa Evelyn kichane cha ndizi mbichi, akamwambia alale nacho. Asubuhi zilikuwa mbichi. Alirudia usiku uliofuata, na uliofuata, na zilibaki kijani mpaka zilipoanza kuiva kwa wakati wake, kama ndizi za watu wengine. Mikunjo haikuongezeka. Evelyn alikwenda shambani na watoto kufukuza ndege, mwanamke mzima akikimbia juu ya tuta na kopo lenye mawe, na Kornelia alisema huyu anafaa, sauti yake inafika mbali.

Ndipo Valerian akaja. Alisimama uani, kofia mkononi, na kwenye mkono wa pili alishika isale, jani la mmea ule ule unaopandwa mipakani na makaburini, limefungwa fundo. Mchagga akikuletea isale, ameomba msamaha, na hukatai. Hata aliyeua husikilizwa akiwa nalo.

"Shemeji, tumekukosea," akasema. "Rudini nyumbani."

Kornelia alikohoa. Margareta alilitazama jani. Alikuwa amengoja neno hilo kwa muda mrefu, naye alilipokea jani kwa mikono miwili, haraka, kabla Valerian hajabadili mawazo.

Walipofika nyumbani mnara ulikuwa unanguruma mahali pake, na mikungu imepangwa chumbani.

"Ulisema mmenikosea," Margareta akasema.

"Ndiyo. Sikukuuliza kabla ya kuujenga. Lile lilikuwa kosa, nimeliombea msamaha, umenipa."

"Na mnara?"

"Mnara una mkataba, shemeji."

Margareta alimpigia Rogath. Mtandao ulikuwa safi kabisa, kama mtu aliye chumba cha pili. Rogath alisema isale ikishapokewa imepokewa, na anayeivunja laana haimpati yeye, humpata mtoto. Margareta hakuwa na hakika na laana. Lakini hakuwa tayari kuijaribu juu ya Evelyn. Alikata simu, akafungua begi, akazirudisha nguo kabatini.

Msimu wa kuchuma kahawa ulipoanza, nywele za Evelyn zilikuwa nyeupe zote. Magoti yalimsumbua asubuhi za baridi. Watu walioleta ndizi walianza kumwamkia. Valerian naye alimwamkia, akiinamisha kichwa, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu na aliyekuwa mbele yake alikuwa bibi kizee. Ni Margareta peke yake aliyekataa. Alimwita kwa jina, alimkemea akimwaga uji, alimfunga kamba za viatu. Wanawake wa jumuiya walimwita pembeni baada ya misa na kumwambia kwamba anawafundisha watoto wao utovu wa heshima.

Jumatatu moja Evelyn alitoka chumbani polepole, akishikilia ukuta, na harufu ya ndizi mbivu ikamfuata. Margareta aliuweka uji mezani. Akavuta kiti, akakipangusa kwa kanga, akamshika mkono binti yake mpaka akakaa vizuri.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mama," Evelyn akajibu, akauliza kama akimaliza uji anaweza kwenda kucheza.

Margareta alisema anaweza, ila asiende mbali. Nje Valerian alikuwa anashusha mikungu.