Hodi ya Tembo

Mwaka ule reli ilipofika Morogoro, Mjerumani mmoja mpima njia alileta taa ya kuonyeshea picha. Picha zilichorwa kwenye vioo. Akizungusha mpini, zilicheza kwenye shuka jeupe. Sauti hazikuwamo, basi akawaweka watu wawili nyuma ya shuka, ndani ya ghala la pamba, madirisha yamefungwa mchana kweupe: Stambuli awe tembo, Mwanaheri awe kobe. Hakujua kwamba wawili hao walikuwa wameachana miaka mitatu, wala hawasemezani.

Tembo akatokea mlangoni kwa kobe.

"Hodi!" akasema Stambuli.

Mwanaheri alitakiwa aseme karibu. Lakini alikwisha kuapa mbele ya mama yake kwamba mtu huyu hatasikia karibu yake tena.

"Hodi!"

"Mwenye nyumba, itikia!" Bernadeta akapaza sauti kutoka kwa watazamaji. "Mgeni yu juani!"

"Hodi!"

Hodi ya tatu isipoitikiwa, mwenye adabu hugeuka, na Stambuli alikuwa na adabu zake. Akavaa kofia, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mjerumani akachungulia nyuma ya shuka. "Tembo yuko wapi?"

"Amekwenda zake, bwana," akajibu Mwanaheri.

"Namwona pale mlangoni!"

"Ile picha tu. Mwenye hodi ameondoka."

Huko mbele watu walishakata shauri: kobe asiyeitikia hodi tatu amekufa. Wanawake wakajitanda kanga. Mzee Pazi, mkulima aliyeshuka mlimani asubuhi ile, akasimama akampa tembo pole. Mwanaheri akasikia analiliwa. Akachomoka mbele ya shuka.

"Sijafa!"

"Nani kakutaja wewe?" Bernadeta akafuta machozi. "Tunamlilia kobe. Kaa kitako, mwenzetu."

Mwanaheri akatoka nje, akamkuta Stambuli ananawa uso kisimani.

"Karibu," akasema.

"Nimeshaondoka, Mwanaheri. Hiyo karibu ya nani?"

"Basi anza tena."

Stambuli akakung'uta maji mikononi, akatazama chini kama mchumba. "Hodi."

"Karibu."

"Starehe."

Wakakaa ukingoni mwa kisima, wakaulizana habari za miaka mitatu, mmoja akisema, mwenzake akingoja. Ghalani, Mzee Pazi alikuwa anauliza ndugu wa marehemu wako wapi, na Mjerumani, kwa kuona watu wametulia kwa heshima namna ile, akazidi kuzungusha mpini, mkonga wa tembo ukipanda na kushuka.