Mafuta ya Shingoni mwa Dada Kaliya

Daktari Nurgazy alikuwa akichunguza ndugu waliolelewa nyumba moja kisha wakaishi mahali tofauti. Mimi, Turdukan, nimeishi miaka thelathini mjini Bishkek, Kirgizia, kwenye ghorofa lenye joto la mabomba, na nina presha ya kupanda. Dada yangu Kaliya hajawahi kuwaacha yaki wake, ng'ombe wa manyoya marefu, kule milimani At-Bashy, kwenye baridi ya kupasua mawe. Alisafiri kutwa nzima kuja kupimwa nami, akafika uso umemshuka.

Tulivishwa fulana zenye mirija ya maji baridi. Mimi meno yaligongana. Yeye akasinzia.

"We, unalala?"

"Niache, mdogo wangu. Leo hakuna wa kukamuliwa."

Baada ya saa mbili tulidungwa sindano ya sukari maalumu inayong'aa pichani pale mwili unapoichoma, tukapigwa picha. Yangu ilikuwa giza tupu shingoni. Ya dada iling'aa kuanzia shingoni hadi mabegani, mpaka kando ya uti wa mgongo.

"Haya ni mafuta ya kahawia," daktari akasema. "Mafuta ya kawaida huweka akiba. Haya huchoma sukari na mafuta yaliyomo kwenye damu ili mwili upate joto. Walio nayo, mara nyingi mishipa yao ni mizima na presha iko chini. Kama ndiyo yanayowalinda, bado hatuna hakika."

"Basi na mimi nikakae baridini."

"Thubutu, mama! Kwa presha hiyo, baridi itaibana mishipa yako. Meza dawa."

Wivu ulinishika. "Una moyo wa msichana, wewe," nikamwambia dada.

Hakucheka. Aliitazama mikono yake iliyopasuka.

"Daktari, nikihamia mjini, yatazimika?"

"Yanaweza kupungua, polepole."

"Yapungue tu. Mafuta hayajachoka, nimechoka mimi. Tangu afe mume wangu, mwaka wa kumi na moja huu navunja barafu nipate maji."

Miaka yote hiyo nilimpigia simu kumlalamikia presha yangu. Hali yake sikuwahi kuiuliza kwa dhati.

Theluji ilipoyeyuka aliwaachia watoto wa shemeji yake mifugo, akaja kukaa kwangu. Wiki ya kwanza alilala tu, hata supu nilimwamshia. Siku hizi asubuhi tunakwenda sokoni kwa miguu, taratibu, kwa kuwa nahema kwenye ngazi. Dawa nameza. Daktari anataka kumpiga picha tena mwakani. Dada hajasema kama atakwenda.